Mbele ya Kirangozi Hapiti Mtu

Katika misafara ya Wanyamwezi ya karne ya 19, mpagazi aliyemtangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, njiani alihesabiwa kuwa amekosa. Mshale mmoja ulichomolewa katika podo lake, ukahifadhiwa, na mwendo wa siku ile ulipokwisha mshale huo ukatumika kumtambua mkosaji ili atozwe faini. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita njia ya kati mwaka 1857, aliiandika desturi hiyo kati ya nyingine nyingi alizozishuhudia. Haikuwa amri ya Sultani wa Unguja, wala ya tajiri mwenye bidhaa. Tajiri alitaka mizigo yake ifike salama. Nani atangulie na nani afuate halikuwa jambo la kumkosesha usingizi. Wapagazi wenyewe ndio walioiweka sheria, wakaisimamia, na wakakubali kulipa walipoivunja.

Sheria za namna hii, ambazo watu hujifunga nazo kwa hiari ili nafasi waliyoishika ionekane kuwa ya kweli, zilikuwa nyingi katika njia iliyotoka Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima hadi Tabora, na katika matawi yake yaliyokwenda kaskazini kupita nchi ambayo leo ni wilaya ya Nzega. Mtu aliingia katika nafasi isiyokuwa yake ya kila siku: akawa mkuu wa safari, adui wa kujifanya, jenerali, hata marehemu. Kisha akabanwa na masharti ya nafasi hiyo mbele ya macho ya wenzake. Kwa zaidi ya miaka mia moja mchezo wa uigizaji katika magharibi ya Tanzania umesimama juu ya masharti hayo, na umefanya kazi ambazo dola, benki na mahakama hazikuweza kuzifanya huko.

Kirangozi alionekana kwa mbali. Burton anaeleza joho lake jembamba jekundu lenye tundu la kupitishia kichwa, ngozi ya mbega au ya paka-mwitu iliyofungwa kichwani na kuning'inia mpaka mabegani, na juu yake kishungi cha manyoya ya bundi au ya korongo. Mzigo wake ulikuwa mwepesi. Bendera nyekundu ya Unguja, iliyoraruliwa na miiba, ilitangulia pamoja naye, na mpiga ngoma alifuata nyuma yake. Baada yao walikuja wabeba pembe za ndovu, watu wenye nguvu na majivuno kupita wote, kila pembe ikiwa na kengele ya ng'ombe iliyolia kwa kila hatua. Pembe kubwa mno zilibebwa na watu wawili kwa mti, kwa mtindo wa mzegazega. Ndipo wakafuata wenye vitambaa, ushanga na waya, na mwisho kabisa wenye chumvi, tumbaku, majembe, ngozi, vyungu na mahema. Mzigo wa kawaida ulifika frasila mbili, yaani karibu kilo 32, mbali na vyombo vya mpagazi mwenyewe, mkeka wake na silaha zake.

Kirangozi wa msafara mmoja aliweza kuwa mkulima wa mtama msimu uliofuata. Cheo hakikurithiwa, mara nyingi alichaguliwa na wenzake au alikubaliwa nao kwa kuwa aliijua njia, visima na lugha za watemi waliodai hongo, yaani ushuru wa njia. Ukuu wake ulidumu muda wa safari tu, na hapo ndipo mshale uliochomolewa unapoeleweka. Mtu ambaye jana alikuwa jirani, na kesho atakuwa jirani tena, hawezi kuwa mkuu leo kwa sababu ya manyoya kichwani peke yake. Anakuwa mkuu kwa sababu watu mia wenye haraka, wenye mizigo inayowakata mabega, wamekubali kutompita hata pale njia inapopanuka. Joho liliwaambia watazamaji nani ni nani. Faini ndiyo iliyolipa joho uzito.

Desturi hiyo ilifika kilele wakati wa kuingia mjini. Tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, msafara wa Burton na mwenzake John Speke uliingia Kaze, makazi ya wafanyabiashara Waarabu ambayo sasa ni sehemu ya Tabora. Watu waliokuwa wamechoka, wengi wao wametoka kwenye homa, walivaa nguo zao nzuri walizozihifadhi kwa ajili ya siku hiyo. Bendera zikakunjuliwa, baragumu zikalia, bunduki zikapigwa hewani. Wenyeji nao walitoka kushangilia kama ilivyowapasa. Kila upande ulijua sehemu yake. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Speke aliondoka Kaze kuelekea kaskazini akiwa na wapagazi wachache, akakatiza nchi ya Nzega na Shinyanga za leo mpaka akaliona ziwa ambalo wenyeji waliliita Nyanza.

Inafaa kutenganisha kilicholazimishwa na kilichochaguliwa, maana njia hiyo haikuwa uwanja wa michezo. Mzigo ulilazimishwa na ujira. Njaa, ndui na kuhara havikuuliza mtu ruhusa. Hongo ya Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache, ililipwa kwa sababu bila kulipa hakuna maji. Na walikuwapo waliotembea katika njia ileile wakiwa watumwa, shingo zao ndani ya makongwa na minyororo. Hao hawakuwa na sheria waliyojiwekea, na hakuna sababu ya kuwahesabu miongoni mwa wachezaji. Wapagazi wa Kinyamwezi, kwa sehemu kubwa, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa malipo au waliobeba bidhaa zao wenyewe. Kwao safari ya pwani ilikuwa kipimo cha utu uzima. Kijana ambaye hajaiona bahari alichekwa, na kuna mashahidi wa wakati huo waliosema kwamba hakustahili kuoa kabla hajapeleka pembe pwani na kurudi na kitambaa au waya. Ndani ya kazi hiyo ngumu, ambayo hawakuweza kuibadilisha, walitenga eneo dogo la masharti yao wenyewe, na walilishika kwa ukali kuliko walivyoshika masharti ya tajiri.

Mfano ulio bora kupita wote ni ule wa misafara miwili kukutana. Njia ilikuwa nyembamba, ya mguu mmoja mbele ya mwingine, na mmoja lazima ampishe mwenzake. Viongozi wawili walisogeleana kwa mwendo wa madaha, hatua moja na kusimama, wakitazamana kwa pembe ya jicho. Walipofikiana, waliinama ghafla kwa pamoja na kugongana vichwa kama kondoo dume wapiganao. Waliokuwa nyuma wakafanya vivyo hivyo, msukumano ukawa mkubwa, na mgeni aliyetazama angedhani damu itamwagika. Kama hapakuwa na uhasama wa zamani, yote yaliishia katika vicheko. Upande ulioshindwa ulipisha njia na kutoa zawadi ndogo.

Ubora wa desturi hii uko katika vipimo vyake. Wanaume mia mbili wenye mikuki, pinde na bunduki za gobori walikutana mahali pasipo na mwamuzi, kila kundi likiwa na mali ya thamani na sifa ya kulinda. Suala la nani apishe lilikuwa la kweli. Aliyepisha alipoteza muda na heshima. Wangeweza kulimaliza kwa silaha, na mara nyingine walilimaliza hivyo. Lakini mchezo uliwapa vita iliyopunguzwa: silaha moja tu iliruhusiwa, nayo ni kichwa, muda ulikuwa mfupi, mshindi alidai kidogo, na aliyeshindwa aliondoka akicheka. Ugomvi ulikuwa wa kujifanya, ila matokeo yake yalishikwa kama ya kweli, na misafara ikaendelea kila mmoja kwa upande wake.

Watu wa siku hizi wanaocheza michezo ya kompyuta ya uigizaji wangeitambua mara moja akili iliyomo katika sheria hizo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa nchini Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo kila mchezaji hushika mhusika mmoja na kuamua matendo yake kwa kauli na kwa kete. Kutoka hapo ukazaliwa ukoo mkubwa wa michezo ya kompyuta yenye falme za kubuni, mapanga, uchawi na majoka. Katika mmojawapo, Skyrim, uliotolewa mwaka 2011, mchezaji anaweza kugusa kwenye ramani jina la mji aliokwisha kuufikia na kufika papo hapo. Anaweza kubeba uzito wa vipimo 300 tangu mwanzo: mapanga kadhaa, ngao, deraya na vyakula, huku akikimbia. Akifa, hurudi mahali alipohifadhi mchezo kana kwamba hakikutokea kitu.

Wachezaji wengi wa michezo ya namna hii waliukataa urahisi huo. Walijiwekea sharti la kutoruka ramani, watembee kwa barabara au wapande farasi. Walipunguza mzigo mpaka ufanane na ule ambao mwili wa mtu ungeweza kuubeba. Waliamua kwamba mhusika lazima ale, anywe, alale usiku, aogope baridi ya mlimani, na asitende kwa maarifa ambayo mchezaji anayo lakini mhusika hana. Wengine walikwenda mbali zaidi: mhusika akifa amekufa, safari inaanza upya na mtu mwingine. Watengenezaji waliwasikia. Mchezo wa Fallout: New Vegas wa mwaka 2010 ulitoka ukiwa na hali ngumu ya hiari, ambamo kiu, njaa na usingizi vinahesabiwa, na mwaka 2017 Skyrim nayo ikaongezewa hali rasmi ya namna hiyo, yenye njaa na baridi na isiyoruhusu kuruka ramani. Kilichoanza kama sharti la watu binafsi kiliingizwa katika mchezo wenyewe. Tofauti na wapagazi ni dhahiri na ni nzito, kwa kuwa kiu ya Ugogo haikuwa ya kuchagua. Lakini sharti la kutopita mbele ya kirangozi na sharti la kutoruka ramani ni ndugu: yote mawili humchelewesha anayeyashika, na yote mawili humfanya mtu awepo kweli mahali anaposema yupo.

Katika njia ya misafara, desturi iliyochukua sehemu kubwa kabisa ya maisha ya watu ilikuwa utani. Ndani ya ukoo ulikuwapo tangu zamani, kati ya babu na mjukuu na kati ya binamu. Utani wa makabila ni jambo jingine, na kwa sehemu kubwa ulikua pamoja na safari. Wanyamwezi na Wasukuma wakawa watani wa Wazaramo, ambao nchi yao ilikuwa lango la pwani. Na Wagogo pia, ambao visima vyao hapo awali vilikuwa chanzo cha ugomvi, uhusiano wa utani ulijengeka. Wazee wa sehemu nyingi wameeleza asili yake kwa namna inayofanana: hapo zamani tulipigana, kisha tukapatana, na tangu siku hiyo tunatukanana badala ya kuuana. Maelezo hayo hayathibitishi vita fulani, ila yanaeleza vizuri kazi ya utani.

Mtani huruhusiwa kumtukana mtani wake hadharani, kumwita mtumwa wake, kumnyang'anya kofia au kuku. Anayetendewa haruhusiwi kukasirika. Hili ndilo sharti mama, na mengine yote hutokana nalo. Akikasirika ameaibika, na watu watamcheka yeye, hawatamcheka aliyemwonea. Njia yake ya pekee ni kulipiza kwa mzaha mkubwa zaidi. Masharti mengine humbana mtaniaji. Anajua ni nani mtani wake na ni nani si mtani. Hawezi kumrushia matusi mkwe wake, ambaye anastahili adabu na umbali. Anajua kwamba alichokichukua leo kitamrudia kesho, kwa kuwa naye nyumba yake iko wazi kwa watani. Anajua pia kwamba mzaha una mahali pake, na kwamba shida ya kweli ikitokea, mtani ndiye wa kwanza kuitwa.

Thamani ya mpango huu kwa mtu wa safari haihitaji kutafutwa mbali. Mpagazi kutoka kijiji cha kaskazini ya Tabora alifika Uzaramo akiwa mgeni, hana ndugu, hana mdhamini, pengine mgonjwa. Kwa desturi ya utani alikuwa na watu. Aliweza kuingia katika uwanja wa Mzaramo, akachukua muhogo huku akimtukana mwenyewe, naye mwenyewe akacheka na kumwongezea. Mzaramo aliyejikuta Tabora alikuwa na haki hiyohiyo. Kuomba kungemdhalilisha mpagazi, na kuiba kungemwua. Kutania kulimpa chakula bila kumtia aibu, na kulimpa mwenyeji njia ya kutoa bila kuonekana mnyonge. Katika njia ya zaidi ya kilomita 800 isiyokuwa na polisi, hospitali wala hawala za fedha, hiyo ilikuwa bima kamili, na malipo yake yalikuwa ni kutonuna.

Uigizaji wa utani hufika mbali kabisa msibani. Katika jamii nyingi za Tanzania, watani wa marehemu ndio hushika kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzifanya kwa huzuni: kuchimba kaburi, kupika, kusimamia mambo ya mazishi. Wanapofanya kazi hizo huvuruga shughuli kwa makusudi. Mtani huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka alipwe. Huzuia jeneza njiani. Huvaa nguo za marehemu, akashika fimbo yake, akatembea kwa mwendo wake na kusema kwa sauti yake, akaagiza chai kama marehemu alivyozoea kuagiza, akawagombeza watoto wake. Wafiwa huangua kicheko katikati ya machozi. Anayeigiza hana ruhusa ya kuigiza vibaya. Akikosea mwendo au msemo, waliomjua marehemu watamsahihisha. Pia hana ruhusa ya kukataa kazi ya jembe baada ya kumaliza mzaha. Mwenye haki ya kumwigiza marehemu ni yule tu anayemchimbia kaburi.

Wasomi wa Kizungu walianza kuuandika utani wa Tanganyika kwa makini katika miaka ya 1940. Mmoja wa walioukusanya alikuwa R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, ambaye mwaka 1944 alichapisha makala ndefu juu ya makabila gani yanataniana na yapi hayataniani. Ni jambo la kupendeza kwamba mtu wa ndege ndiye aliyeona kitu ambacho maofisa wengi wa serikali walikipita kama upuuzi. Miaka michache kabla yake, mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alikuwa ameeleza utani kwa jumla kuwa ni mchanganyiko wa uadui wa kujifanya na urafiki wa kweli. Maelezo yake yanafaa, ingawa yanaacha nje ufundi. Kutania vizuri ni kazi ya akili na kumbukumbu, na katika kijiji chochote wapo wanaojulikana kwa ustadi huo na wapo ambao mzaha wao hauna chumvi.

Reli ilibadilisha njia. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ya wapagazi kati ya pwani na Tabora ikakoma. Tawi la kwenda Mwanza, linalopita Bukene katika wilaya ya Nzega, lilikamilika mwaka 1928 chini ya Waingereza. Kwa reli hiyohiyo, na kwa vita, ulikuja mchezo mwingine wa vyeo: beni.

Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, pale mashindano ya zamani ya mitaa yalipochukua sura ya bendi za kijeshi za Wazungu. Katika Tanganyika iligawanyika katika vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu kuwa watanashati, watu wa mjini waliokaa vizuri. Arinoti walikuwa na wengi waliotoka bara, wapagazi na vibarua. Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 ilivisambaza vyama hivyo kila askari na mbeba mizigo alikofika. Tabora ilikuwa kitovu cha mambo hayo. Ilikuwa ngome ya Wajerumani, ikatekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na baada ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kusalimu amri Novemba 1918 askari wake Waafrika waliletwa huko kuwekwa kambini.

Chama cha beni kilikuwa na mfalme wake, au Kaiser wake, majenerali, makanali, mahakimu na madaktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao. Mtu aliyeshinda akipiga pasi nguo za bwana wake aliweza kuwa jenerali jioni, na wenzake, akiwamo karani aliyempita kwa mshahara, wakampigia saluti. Saluti hiyo ilikuwa ya lazima. Sare ilipaswa kuwa safi na kukamilika, mistari ilipaswa kunyooka wakati wa gwaride, na cheo kilipatikana kwa utumishi na ukarimu ndani ya chama. Yaliyofanana na jeshi hayakuishia kwenye ngoma. Wanachama walichanga fedha, waliuguzana, walizikana, na mwanachama aliyehamia mji mwingine alipokewa na tawi la huko kwa cheo chake kilekile. Utani ulikuwa umempa mpagazi watu wa kumpokea mwisho wa njia. Beni ilimfanyia hivyo kibarua wa reli na karani wa boma.

Baada ya vita maofisa wa Kiingereza waliingiwa na shaka. Waliona watu wenye Kaiser wao, wakuu wao na matawi yanayoandikiana barua kutoka mji hadi mji, wakauliza kama si njama. Wengine waliona ni kejeli dhidi ya serikali, na wengine wakadharau wakasema ni kuiga tu. Terence Ranger, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba majibu yote matatu hayakutosha. Wachezaji walichukua alama za nguvu mpya iliyowatawala, wakaziweka chini ya kanuni zao, na ndani ya kanuni hizo wakagawiana heshima ambayo serikali haikuwa tayari kuwapa. Kwa kuwa kanuni zilikuwa zao, hakuna ofisa aliyeweza kumvua mtu cheo.

Mtindo huo ulivuka mipaka. Uliingia Kongo, Malawi na Zambia, ukibadilika majina na mapambo. Katika mji wa migodi wa Luanshya, mtaalamu wa jamii Clyde Mitchell aliitazama ngoma ya kalela ya miaka ya 1950, iliyokuwa mzao wa ukoo huo. Nguo za kijeshi zilikuwa zimekwisha, wachezaji wakivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa. Kulikuwa na mfalme aliyevaa suti, kulikuwa na daktari aliyevaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu, na kulikuwa na muuguzi, mwanamke pekee katika kundi, aliyezunguka na kioo na leso ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Kazi ya daktari ilikuwa kuwatia moyo wachezaji, na alikaa katika nafasi yake mpaka ngoma iishe. Nchini Tanganyika beni yenyewe ilififia taratibu kadiri vijana wa mjini walivyohamia dansi na vyama vya siasa.

Vijijini kaskazini ya Tabora, ambako Unyamwezi unashikana na Usukuma, mashindano ya ngoma yalikuwa na asili yake yenyewe na yameishi kuliko beni. Tangu karne ya 19 Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, vinavyotajwa kuwa viliasisiwa na mafundi wawili washindani, Gumha na Ngika. Pembeni yao kuna vyama vya kazi vyenye ngoma zake: Bayeye, wanaokamata nyoka na kujua dawa za sumu, ambao mtafiti Hans Cory aliwaandika mwaka 1946, Banunguli, wawindaji wa nungu, na makundi ya wakulima wanaocheza bugobogobo kwa majembe. Kuingia katika chama ni kupewa dawa, kufundishwa maneno ambayo wasio wanachama hawayajui, na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mcheza nyoka aliyefika uwanjani na chatu shingoni anashika nafasi ambayo chama kimemruhusu kuishika, naye anawajibika kumtibu mtu aliyeumwa na nyoka kijijini hata kama ngoma imekwisha.

Msimu wa mashindano ni baada ya mavuno, kuanzia Juni mpaka Agosti, mtama ukiwa ghalani na jembe limepumzika. Makundi mawili husimama katika uwanja mmoja, yakatazamana kwa umbali fulani, na kuanza kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jopo la waamuzi, hakuna alama zinazoandikwa. Watazamaji ndio huamua kwa miguu yao: kundi linalowavuta watu wengi zaidi upande wake ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila kundi huja na kitu cha siri lilichokiandaa miezi mingi, kinyago kinachotembea, nyoka mkubwa, mchezo wa hatari au wimbo mpya unaowasema wapinzani kwa majina, na kiongozi wa ngoma hutegemea dawa yake ya mvuto kuwashika watu wasihame. Matusi ya wimbo hujibiwa kwa wimbo. Kundi lililobaki na watu wachache limeshindwa mbele ya macho yake lenyewe, halina wa kumkatia rufaa, na hurudi nyumbani kutafuta dawa nyingine kwa msimu ujao.